Ulishaji wa chatu mchanga

Ulishaji wa chatu mchanga ni hatua ya mwanzo katika utunzaji wa chatu anayefugwa: kumpa makao yanayomtuliza, kumwacha azoee mahali pageni, na kumwezesha aanze kula mwenyewe. Hatua hii huwashinda wafugaji wengi wapya. Chatu mchanga aliyehamishwa huogopa, na nyoka mwenye hofu hataki chakula. Mara nyingi haumwi. Anachokosa ni joto, maficho au utulivu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kurekebisha makao yake na kumwacha peke yake, si kumlazimisha kula.

Makala hii inahusu hasa chatu mfalme (*Python regius*), ambaye hufugwa sana duniani, na chatu wa Afrika (*Python sebae* na *Python natalensis*), ambaye anaishi porini katika Afrika ya Mashariki, pamoja na eneo la Ziwa Viktoria.

## Spishi

Chatu mfalme ni mdogo kuliko chatu wote wa Afrika. Mtu mzima huwa na urefu wa sm 90 hadi 150, na majike ni wakubwa kuliko madume. Anatokea kuanzia Senegal hadi Sudan Kusini na kaskazini-magharibi mwa Uganda. Porini Tanzania hapatikani. Akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati ya mwili. Chatu wengi wa spishi hii waliouzwa nje kwa ajili ya kufugwa walitoka Togo, Ghana na Benin, na leo wengi huzalishwa na wafugaji wenyewe huko Marekani na Ulaya.

Chatu wa Afrika ni mkubwa zaidi. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 3 hadi 5. Wataalamu humgawa katika spishi mbili: chatu wa kaskazini (*P. sebae*) na chatu wa kusini (*P. natalensis*). Zote mbili zimo katika Afrika ya Mashariki. Tofauti na chatu mfalme, chatu wa Afrika akiogopa huuma upesi, hata akiwa mchanga.

Chatu wote hawana sumu. Huua mawindo kwa kuyabana, kisha huyameza mazima.

## Maisha ya chatu mchanga porini

Ili kuelewa woga wa chatu mchanga ni vizuri kujua anakotoka. Chatu jike hutaga mayai mahali palipofichika, kama vile shimo lililochimbwa na mnyama mwingine au kichuguu kilichoachwa, kisha hujizungusha juu yake na kuyaatamia. Chatu mfalme hutaga mayai machache, kwa kawaida chini ya kumi, ambayo huanguliwa baada ya takriban miezi miwili. Chatu wa Afrika anaweza kutaga mayai 20 hadi zaidi ya 50, na watoto wake huzaliwa na urefu wa sm 45 hadi 60.

Mwaka 2018 Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alichapisha utafiti juu ya uzazi wa chatu wa kusini. Aliona kwamba jike anayeatamia hubadilika rangi na kuwa karibu mweusi, huota jua mpaka mwili wake kufikia joto la karibu 40°C, kisha hurudi shimoni kuyapasha mayai joto. Kwa kipindi hicho chote hali kitu. Mayai yakianguliwa hubaki na watoto kwa takriban wiki mbili. Mchana watoto huota jua karibu na mlango wa shimo. Usiku hurudi kulala ndani ya mikunjo ya mama yao. Mama hawalishi. Katika siku hizo huishi kwa mabaki ya kiini cha yai yaliyo tumboni mwao.

Kwa hiyo chatu huanza maisha katika shimo lenye giza na joto, mwili wake ukigusana na kitu pande zote. Akitolewa humo na kuwekwa katika sanduku kubwa la kioo sebuleni, lenye mwanga na watu wanaopitapita, yuko mahali ambapo porini angeliwa na mwewe, nguchiro au kenge.

Mawindo ya mwanzo pia hutofautiana na yale anayopewa akifugwa. Utafiti wa Luca Luiselli na Francesco Angelici kusini mwa Nigeria, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa chatu wafalme wenye urefu wa chini ya sm 70 walikula hasa ndege wadogo, na wakubwa walikula zaidi wanyama wagugunaji. Pengine hii ndiyo sababu mojawapo ya chatu wachanga wengine kutomtambua panya mweupe wa maabara kuwa ni chakula.

## Sababu za kukataa kula

Sababu za kawaida ni hizi:

* Hofu. Nyoka amehamishwa karibuni, anashikwashikwa, au hana mahali pa kujificha.
* Baridi. Nyoka hupata joto la mwili kutoka nje. Asipopata joto hawezi kumeng'enya chakula, na chakula kikikaa tumboni bila kumeng'enywa huoza. Chatu aliye kwenye baridi hukataa kula, na akila hutapika.
* Nafasi kubwa isiyo na vitu. Sanduku kubwa humfaa chatu mkubwa, lakini mchanga hujiona yuko uwanjani.
* Kujivua gamba. Siku kadhaa kabla ya kujivua gamba macho hugeuka ya kibuluu yenye ukungu. Nyoka haoni vizuri, huwa mkali, na kwa kawaida hali.
* Chakula kisichofahamika. Kina harufu ngeni, kimepoa, au ni kikubwa mno.
* Umri. Chatu aliyeanguliwa karibuni huwa hali mpaka ajivue gamba kwa mara ya kwanza, siku 7 hadi 14 baada ya kutoka yaini.
* Ugonjwa au vimelea. Hii ni sababu isiyotokea mara nyingi kwa chatu aliyezaliwa mikononi mwa mfugaji, lakini hutokea sana kwa aliyekamatwa porini.

Chatu ameumbwa kukaa muda mrefu bila chakula. Katika miaka ya 1990 Stephen Secor na Jared Diamond walichunguza chatu wa Burma (*Python bivittatus*) na kuona kwamba katika siku za njaa utumbo wake husinyaa, na siku chache baada ya mlo utumbo, ini na figo huongezeka sana uzito, kisha hurudi kama awali. Kwa njia hii mwili haupotezi nguvu kutunza viungo visivyo na kazi. Chatu mfalme mtu mzima huweza kukaa miezi kadhaa bila kula na asidhurike. Mchanga ana akiba ndogo zaidi, lakini naye hafi kwa kukosa mlo mmoja au miwili. Haraka ya mfugaji kwa kawaida humdhuru kuliko njaa yenyewe.

## Makao

Makao ya chatu mfalme mchanga yanaweza kuwa boksi la plastiki lenye kifuniko kinachofungwa na matundu ya hewa, au tangi dogo la kioo lililozibwa pande tatu kwa karatasi au kitambaa. Urefu wa sm 40 hadi 60 unatosha kwa miezi ya kwanza. Sakafuni hutandikwa magazeti au karatasi za jikoni, ambazo ni rahisi kubadilisha na huonyesha mapema choo, damu au utitiri. Maranda ya mti wa mwerezi hayafai kwa sababu mafuta yake ni sumu kwa nyoka.

| Hitaji | Kiasi kinachofaa chatu mfalme mchanga |
|---|---|
| Joto la upande wa moto | 31–33°C |
| Joto la upande wa baridi | 25–27°C |
| Unyevu wa hewa | takriban 60%, zaidi wakati wa kujivua gamba |
| Maficho | angalau mawili, moja kila upande |
| Maji | bakuli zito, maji safi kila siku |
| Mwanga | mchana na usiku wa kawaida, bila jua la moja kwa moja |

### Joto

Ni lazima upande mmoja wa sanduku uwe na joto kuliko mwingine, ili nyoka ajichagulie. Joto hutoka kwenye mkeka wa umeme uliowekwa chini ya sanduku, au taa iliyokingwa kwa wavu asiigusie. Chombo chochote cha joto kinahitaji kidhibiti joto, maana mkeka usiodhibitiwa huweza kumuunguza nyoka tumboni naye asisogee. Vipimajoto viwili huwekwa sakafuni, kimoja kila upande. Kipimajoto kilichobandikwa juu ukutani hakionyeshi joto analolipata nyoka.

Watu wengi hudhani kwamba nyoka anayefugwa Afrika hahitaji kupashwa joto. Hilo hutegemea mahali. Mjini Bukoba, ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto la mchana kwa kawaida hufikia takriban 26°C na la usiku hushuka hadi karibu 16°C. Nyoka wa porini hukabili baridi hiyo kwa kuota jua asubuhi na kujificha shimoni usiku. Aliyefungiwa ndani ya boksi chumbani hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo na kuwekwa nje ya boksi, huku boksi limefunikwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, huhifadhi joto kwa saa kadhaa. Nyoka aliyekula karibuni ndiye anayehitaji joto hilo zaidi.

### Maficho

Maficho mazuri ni madogo: nyoka akijikunja ndani yake mgongo na mbavu ziguse kuta. Chungu kidogo kilichopinduliwa na kutobolewa mlango, kipande cha gome, au kasha la karatasi ngumu vyote vinafaa. Kunahitajika maficho upande wa joto na upande wa baridi. Yakiwa upande mmoja tu, chatu mwoga atachagua usalama na kuacha joto, na ataendelea kukaa na njaa. Nafasi iliyobaki hujazwa majani makavu, karatasi zilizokunjwakunjwa au matawi, ili aweze kutambaa bila kuonekana.

## Siku za kwanza

Baada ya kumweka chatu katika makao mapya, mfugaji humwacha bila kumshika kwa siku 5 hadi 7. Katika siku hizo kazi ni kubadilisha maji, kuangalia joto na kuondoa choo. Boksi huwekwa mahali pasipo na kelele, mbali na redio, mlango unaobamizwa, paka na watoto wenye hamu ya kuchungulia. Nyoka hasikii sauti kama binadamu, lakini huhisi vizuri mtikisiko unaopita katika meza na sakafu.

Dalili za hofu ni kujikunja kama mpira, kupiga mluzi wa pumzi, kurusha kichwa, kukunja shingo kama herufi S mtu anapokaribia, kutoa majimaji yenye harufu mbaya mkiani, na kuzunguka mchana kutwa akisugua pua kwenye kuta. Dalili za kutulia ni kulala maficho mchana, kutoka usiku, kutoa ulimi polepole anapochunguza jambo, na kukaa ndani ya maficho kichwa kikiwa mlangoni. Mkao huo wa mwisho ni wa kuvizia: chatu anangoja windo lipite, na ndio wakati mzuri wa kumpa chakula.

Nyoka hupimwa uzito siku ya kwanza kwa mizani ya jikoni, akiwa ndani ya kikopo chenye kifuniko, na baadaye mara moja kwa wiki. Tarehe, uzito, chakula alichopewa na kama alikula huandikwa daftarini. Bila kumbukumbu hiyo mfugaji hubaki kukisia, na hofu yake humfanya abadilishe mambo kila siku.

## Mlo wa kwanza

Chakula cha kawaida ni panya aliyeuawa au aliyegandishwa. Ukubwa wake usizidi unene wa sehemu pana ya mwili wa nyoka. Kwa uzito ni takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa chatu. Chatu mfalme mchanga kwa kawaida huanza na panya mdogo aliyeota manyoya au kitoto cha panya mkubwa, naye hulishwa kila baada ya siku 5 hadi 7.

Windo lililokufa ni salama kuliko lililo hai. Panya aliye hai akiachwa na nyoka asiyetaka kula humng'ata, na wapo nyoka waliopoteza macho au ngozi ya mgongo kwa njia hiyo. Panya aliyegandishwa huyeyushwa polepole, kisha huwekwa ndani ya mfuko katika maji ya moto mpaka apate joto kama la mnyama hai, karibu 38°C. Joto hilo lina sababu: midomoni mwa chatu kuna vishimo vinavyohisi joto, naye hulenga windo kwa joto kama kwa harufu. Panya aliyepoa kwake ni kama jiwe. Panya hapashwi kwa maikrowevu wala hapikwi, kwa sababu nyama iliyopikwa huharibika na tumbo hupasuka.

Chakula hutolewa jioni au usiku, taa zikiwa hafifu. Mfugaji humshika panya kwa koleo refu, humsogeza polepole mbele ya maficho na kumtikisa kidogo kama anayetembea. Hamgusishi nyoka puani, kwa maana chatu mwoga huona kwamba anashambuliwa. Akirusha kichwa na kubana, koleo huachiwa na mfugaji hubaki kimya bila kusogea. Kumeza huchukua dakika kadhaa. Akikataa kwa dakika chache, panya huwekwa mlangoni pa maficho na boksi hufunikwa mpaka asubuhi. Chatu wengi wachanga hula mlo wa kwanza gizani hivyo, pasipo mtu kuwaona. Kilichobaki asubuhi hutupwa, hakirudishwi kwenye jokofu.

Baada ya kula, nyoka hashikwi kwa siku mbili. Akitapika, huachwa apumzike siku 10 hadi 14, joto hukaguliwa, na mlo unaofuata huwa mdogo kuliko uliotapikwa.

## Chatu anayeendelea kukataa

Chatu akikataa, hungojewa siku 7 kabla ya kujaribiwa tena. Kumwonyesha chakula kila siku humzoesha kukikwepa. Kati ya jaribio na jaribio mfugaji hubadilisha jambo moja tu, ili ajue kilichosaidia. Kwa kawaida hufuatwa utaratibu huu:

1. Kukagua upya joto la sakafu na ukubwa wa maficho, na kumhamishia katika boksi dogo zaidi kama la awali ni kubwa.
2. Kumpasha panya joto zaidi kidogo na kumkausha manyoya.
3. Kubadilisha aina ya windo. Chatu anayekataa panya mweupe huweza kukubali panya wa jenasi *Mastomys*, ambaye ni ndugu wa panya shamba anayejulikana sana na wakulima wa Tanzania.
4. Kumpaka panya harufu ya ndege kwa kumsugua na manyoya ya kifaranga, au kutoa kifaranga kidogo chenyewe.
5. Kumweka chatu pamoja na windo lililokufa ndani ya mfuko wa kitambaa au kikopo kidogo chenye matundu, usiku kucha, ndani ya boksi lenye joto.
6. Kutoa windo dogo lililo hai, mfugaji akiwapo muda wote, na kulitoa lisipoliwa baada ya dakika 15 hivi. Katika nchi nyingine, hasa Uingereza, njia hii haikubaliki isipokuwa nyoka yuko hatarini kufa.

Panya waliotegwa nyumbani au shambani hawafai. Huenda wamekula sumu ya panya, ambayo humuua na nyoka, na hubeba minyoo na viroboto. Kwa binadamu panya wa porini ni hatari pia: nchini Tanzania viroboto vya panya vimewahi kueneza tauni, hasa wilayani Lushoto na Mbulu, na mikojo ya panya hueneza homa ya mgunda.

Kumlisha kwa nguvu, yaani kumfungua mdomo na kumsukumia chakula, ni njia ya mwisho na kazi ya daktari wa mifugo au mtu aliyefunzwa. Huweza kuvunja meno na taya, na chatu aliyefanyiwa hivyo huogopa zaidi mkono wa mtu. Hufikiriwa tu chatu anapopungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, uti wa mgongo unapoanza kujitokeza, au mtoto aliyejivua gamba la kwanza anapopita wiki kadhaa bila kuonja kitu baada ya njia zote nyingine kujaribiwa.

### Dalili za ugonjwa

Subira haifai pale ambapo nyoka anaumwa. Daktari anahitajika kukiwa na mapovu au kamasi mdomoni, kupumua mdomo ukiwa wazi, ufizi mwekundu au wenye usaha, utitiri unaoonekana kama vumbi jeusi katika maji, kutapika mara kwa mara, ngozi inayobaki na mikunjo mikavu, au kichwa kinachogeuka juu na kushindwa kurudi.

## Katika eneo la Ziwa Viktoria

Chatu wa Afrika hupenda sehemu zenye maji, matete, mawe na vichaka, na mazingira kama hayo yamejaa kandokando ya Ziwa Viktoria na visiwani. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi mwa ziwa, ina chatu. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, pamoja na visiwa kama Bumbire, fukwe za mawe na vibanja vya migomba humpa maficho, na kuku na panya humpa chakula.

Kukaa karibu na chatu kuna historia ndefu katika eneo hili. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu *The Baganda* (1911), alieleza hekalu la chatu lililokuwa Buddu, kaskazini tu ya mpaka wa sasa wa Kagera, ambako mungu aliyeitwa Selwanga aliheshimiwa na watu wa ukoo wa Moyo. Watu walimwendea kuomba watoto na heri ya uvuvi. Mwanamke aliyemtunza alimpa maziwa kila siku, na kuku na mbuzi wachanga walifungwa karibu naye. Kwa maarifa ya leo nyoka hanywi maziwa kama chakula. Kilichomshibisha chatu wa Buddu ni hao kuku na mbuzi. Maelezo hayo yanaonyesha pia masharti yale yale yanayomfanya nyoka ale: alikuwa na nyumba yake, mtunzaji mmoja, na hakusumbuliwa.

Kusini mwa ziwa, Wasukuma wana chama cha wacheza nyoka kiitwacho Bayeye, ambao hucheza ngoma wakiwa na chatu na wanajulikana kwa dawa za kuumwa na nyoka.

Utunzaji wa nyoka kwa ajili ya elimu ulienea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Bustani ya nyoka ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961. James Ashe, aliyewahi kuisimamia, alianzisha Bio-Ken huko Watamu, Kenya, mwaka 1980. Nchini Tanzania, Meserani Snake Park ilianzishwa mwaka 1993 magharibi mwa Arusha, na nchini Uganda, Uganda Reptile Village karibu na Entebbe mwaka 2002. Vituo hivi hupokea pia nyoka waliookolewa vijijini.

## Sheria

Nchini Tanzania wanyamapori ni mali ya umma chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na hairuhusiwi kumkamata, kumfuga wala kumuuza chatu bila kibali. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Kenya na Uganda nazo zina sheria zinazodai kibali. Kimataifa chatu wamo katika viambatisho vya mkataba wa CITES, kwa hiyo huhitaji hati kuvushwa mpakani.

Chatu mchanga anayeonekana kibanjani au ufukweni basi hapaswi kuchukuliwa na kufugwa. Kwa kawaida hajapotea wala hajaachwa na mama yake, na akiachiwa njia huondoka mwenyewe. Akiwa ndani ya nyumba au amenaswa kwenye nyavu, wa kuitwa ni afisa wanyamapori wa wilaya. Chatu aliyekamatwa porini ndiye mgumu kuliko wote kulisha, na wengi wa namna hiyo hufa kwa njaa na vimelea mikononi mwa watu waliowapenda.

## Usalama

Chatu mfalme hawezi kumdhuru mtu zaidi ya kumng'ata. Chatu wa Afrika ni jambo jingine: mchanga wa sm 60 hukua haraka, na akifikia mita 3 au 4 ana nguvu za kumuua binadamu. Mwezi Agosti 2013 huko Campbellton, Kanada, chatu wa Afrika aliyetoroka kizimbani aliwaua watoto wawili waliokuwa wamelala. Kwa sababu hiyo vituo vingi haviruhusu mtu mmoja kumshika chatu mkubwa peke yake.

Nyoka hubeba bakteria za salmonela hata akiwa mzima wa afya. Mikono huoshwa kwa sabuni kila baada ya kumshika au kusafisha boksi lake, vyombo vyake haviogeshwi jikoni, na watoto wadogo hawapewi kumshika bila uangalizi.

## Tazama pia

* Chatu
* Nyoka
* Bumbire
* Ziwa Viktoria
* Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo